Kila Mama Arudishe Lake

Msumari ulikuwa wa Gathogo mwenyewe, mwenye uwanja wa matofali. Aliutoa mfukoni mwa koti lake la kazi, akaufuta kwa kidole gumba, akanipa mimi kwanza kwa sababu nilikuwa cucu, yaani bibi, mkubwa kuliko akina mama wote waliokuja siku ile.

"Cucu Waithira, anza wewe," aliniambia. "Andika jina. Bado ni laini kama ugali."

Tulicheka. Matofali ya simiti yalikuwa yamepangwa chini, mistari kwa mistari, yamefyatuliwa asubuhi hiyo na bado yalikuwa na rangi ya majimaji. Niliinama nikaandika WAITHIRA kwa herufi kubwa, maana herufi ndogo mkono wangu haujawahi kuzipenda. Msumari uliingia bila shida yoyote. Nikampa Wachuka, Wachuka akampa mwingine, hivyo hivyo mpaka kikundi kizima kikawa kimeandika. Hata Nduta, mke wa Gathogo, ambaye pia ni mwanachama wetu, alivuta sketi yake akachuchumaa akaandika jina lake.

Sisi akina mama wa huku juu ya Kiganjo, mwenzetu akipata nyumba mpya hatumwachi akae ndani yake peke yake na kuta. Tunamwendea na itega, kila mama na zawadi yake mgongoni au mkononi: blanketi, sufuria, debe la maharagwe. Lakini mwenzetu Wakonyo hakuwa na nyumba ya kupelekewa sufuria. Nyumba yake ya mbao iliungua mchana, yeye akiwa kwenye shamba la watu anachuma kahawa. Mume wake alikwisha kufa. Alibaki na msichana wake Lynn na nguo walizokuwa wamevaa, wakaja kulala jikoni kwangu. Basi tukasema, itega ya Wakonyo iwe matofali. Kila mama anunue yake kwa Gathogo, ayapeleke.

Kwa nini tuliandika majina? Ukikijua kikundi chetu huwezi kuuliza. Mwaka mmoja blanketi mbili zilifanana, na Wachuka hakusalimiana na mwenzake mpaka Krismasi. Hatukuandika kwenye kila tofali, mgongo haukubali. Kila mama aliandika machache ya kwake, yaonekane ukutani. Majina yalikuwa ya kuleta amani.

Hata wiki haikuisha kabla ya lori la Gathogo kuyaleta. Nilifurahi kwa haraka hiyo. Nilimwona dereva akiyashusha mawili mawili kwa mikono badala ya kuyamwaga, na nikamshukuru kwa upole wake nikampa chai. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba angeyamwaga, hakuna ambalo lingefika chini likiwa zima.

Fundi alikuwa Mburu, kijana wa kwetu, mwenye mikono mizuri. Alijenga vyumba viwili, mlango ukitazama mlima. Nje alipiga plasta. Ndani Wakonyo alikataa.

"Usiguse huku ndani," alimwambia. "Nikifunika hayo majina nitakuwa nimewafukuza wageni wangu."

Kwa hiyo ukutani, juu ya kitanda cha Lynn, ulisoma WACHUKA, na NDUTA, na WAITHIRA, na wengine. Lynn alikuwa ameanza shule. Alijifunza kusoma hapo kabla ya kujifunza kwa mwalimu. Akiniona njiani alikuwa akipaza sauti: "Cucu, wewe uko karibu na dirisha!" Nami nilikuwa nikimjibu, "Nitunze basi, nisiingiwe na baridi."

Mvua ya Aprili ilikuja kutoka mlimani jinsi inavyokuja kila mwaka. Haikuwa na upepo wala mafuriko. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walitaka kuifanya iwe mvua ya Nuhu. Ilikuwa mvua ya kupanda viazi. Alasiri moja nilisikia mshindo kama wa gunia linaloanguka kutoka kwenye lori, kisha Wakonyo akaita jina la mtoto wake kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani.

Ukuta wa chumba cha Lynn ulikuwa umelala juu ya kitanda cha Lynn. Kitanda hukukiona. Tuliingiza mikono kwenye kifusi, mimi na Wakonyo na majirani, na matofali yakawa yanatuvunjikia vidoleni, yanageuka uji wa kijivu. Ninakumbuka niliokota kipande kilichoandikwa WAI, nikakibonyeza, kikaisha mkononi mwangu.

Lynn hakuwa chini yake. Alikuwa dukani kwa Faduma, mama aliyehamia kutoka Nanyuki akafungua duka la nguo pale kituoni. Mvua ilimkuta mtoto akitoka shuleni, Faduma akamvuta ndani, akamfunga shuka kavu, akampa maziwa ya moto yenye tangawizi, akamwambia hatamruhusu kutoka mpaka mvua ikatike. Hapo nje ya duka lake kulikuwa na watoto wengi waliokuwa wakikimbia na mvua. Alimvuta huyu. Jioni hiyo alimleta mwenyewe kwa mkono, akauona ule ukuta, akakaa chini kwenye matope na buibui lake safi. Kisha alituma turubai la duka lake lije kufunika vitu vya Wakonyo, na mpaka leo hajataka kulirudisha dukani.

Nimeanza na wema wake ili nisiwe mtu wa kusema mabaya tu. Sasa nitasema yaliyobaki.

Asubuhi yake nilimwuliza Mburu, "Fundi, ukuta umeangukaje?"

"Cucu, ni mvua."

"Nyumba yangu imenyeshewa na mvua hiyo hiyo. Mama yako amenyeshewa na mvua hiyo hiyo. Niambie vizuri."

Alitazama viatu vyake. "Yalikuwa machanga, cucu. Nilipokuwa nikiyapanga kona zilikuwa zinabaki mkononi. Vumbi la mawe tupu, simiti ni ya kunusa."

"Na ulinyamaza?"

"Gathogo ndiye hunitafutia kazi. Ningesema, angeita fundi mwingine, na huyo angeyajenga hayo hayo."

Nilimkasirikia, na bado nina kidogo cha hasira hiyo. Lakini alikuwa wa kwanza kusema ukweli, na aliusema akiwa amevua kofia.

Gathogo yeye hakuvua kitu. Alikuja kanisani Jumapili, akakaa mbele mahali pake pa mzee wa kanisa. Baada ya ibada pasta akatuita sote nyuma, kikundi na Gathogo na Mburu, ili, alisema, tuzungumze kama familia. Aliomba kwanza. Aliomba sana kuhusu kusameheana. Nilifungua macho katikati ya maombi nikamtazama Wakonyo. Alikuwa amefumba yake kwa nguvu kama mtu anayetiwa dawa. Nikajiuliza, anaombewa asamehe nini, na hakuna aliyekubali kosa?

Gathogo alisimama. "Kwanza tumshukuru Mungu mtoto ni mzima," alisema. "Pili, tofali si mtu, haliwezi kujibu. Fundi alichanganya vipi mchanga wake? Msingi alichimba vipi? Mimi kazi yangu inaishia kwenye geti langu. Lakini kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa hili, niko na pendekezo. Tufanye mchango mwingine, na nitawauzia matofali mapya kwa bei ya chini."

Sikuamini masikio yangu. Wachuka ndiye aliyepata sauti kwanza. Wachuka ana ulimi wa pilipili, lakini siku hiyo ulikuwa dawa.

"Ati nini? Umtie mtu sumu kisha umwuzie jeneza?"

"Mama, heshima," pasta alisema.

"Heshima iko chini ya kifusi, mchungaji. Tunaitafuta."

Gathogo hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu lile liliniudhi kuliko tusi. "Sawa. Basi niambieni mteja wangu ni nani. Ni Wakonyo? Wakonyo sikumuuzia hata tofali moja. Wakonyo alipewa zawadi na nyinyi. Zawadi haina lalamiko. Nyinyi kila mmoja alinunua yake machache, akalipa, akaenda. Kama kuna mama ambaye tofali lake lina shida," hapo alifungua mikono kama anayetukaribisha chakula, "kila mama arudishe lake. Nitaliangalia."

Wanaume waliokuwa mlangoni wakisubiri wake zao walicheka. Pasta alitazama saa. Wakonyo aliniambia kwa sauti ndogo, "Cucu, acha tu. Nitatafuta mbao."

Huyo ndiye mtu aliyenitia moto. Si Gathogo. Huyo mama aliyepoteza nyumba mara mbili, anayeniomba mimi niache ili watu wasiharibiwe Jumapili yao.

Siku iliyofuata Gathogo alikuja kwangu kwa gari, akiwa na mkate na majani ya chai. Nilimkaribisha, maana mgeni ni mgeni. Alikunywa chai yangu akaniita mama.

"Mama, yale ya kwako nitakurudishia. Matofali mazuri kabisa, nilete hapa hapa kwako. Wewe ni mtu mzima, wanakusikiliza. Usiache hawa wanawake wakuingize kwenye kelele."

"Na ya Wakonyo?"

"Wakonyo hakununua kwangu, mama."

"Maliza chai yako, Gathogo," nilimwambia. "Mkate utaupeleka nyumbani. Huku tuna viazi."

Jioni niliwaita akina mama. Niliwaambia, mtu huyu ametupa neno mbele ya mchungaji. Alisema kila mama arudishe lake. Sisi ni watu wa kutii wazee wa kanisa, sivyo? Basi tumtii.

Mburu alikuja bila kuitwa. Alishusha mabati na kubomoa kuta zilizobaki kwa mikono, polepole, ili majina yasiharibike, na hakuomba malipo. Ilikuwa aibu kuona zilivyobomoka kirahisi. Udongo wake wa kuunganishia ulikuwa mgumu kuliko matofali yenyewe. Alipanga kila jina kando. Yaliyokuwa mazima tuliyaweka mazima, yaliyovunjika tukayatia kwenye viondo.

Tulikwenda asubuhi, watu wakifungua maduka. Sisi wazee tulibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, kama tulivyobeba kuni na maji ujanani. Vijana walisukuma mkokoteni. Tofali langu lilikuwa lile la pili nililoandika, bado zima, na lilinikwaruza mgongo njia nzima likinimwagia vumbi kwenye sketi. Tuliimba nyimbo za itega, zile zile za kumpelekea mwenzetu zawadi. Watu wa barabarani walidhani tunakwenda arusi. Mmoja akauliza, "Nani ameolewa?" Wachuka akamjibu, "Hakuna, tunarudisha mahari!"

Pale kwa Gathogo kulikuwa na mwanamume ametoka Timau na pikapu, anapakia matofali ya nyumba za wafanyakazi. Vijana wa Gathogo walisimama na sepetu zao. Gathogo alitoka ofisini, akatuona, lile tabasamu likaenda.

"Hii ni nini, asubuhi yote hii?"

"Ulisema kila mama arudishe lake," nilimwambia. Niliinama, nikafungua kamba, nikaweka langu chini mbele ya viatu vyake. Niliweka taratibu, na hata hivyo kona ilidondoka. "Hili ni la Waithira."

"Hili ni la Wachuka," alisema Wachuka. Wakaendelea, kila mmoja na jina lake, kama watoto wanaoitwa darasani. Wenye vipande walivipanga mpaka jina likasomeka.

"Nitajuaje ni ya kwangu?" Gathogo alisema kwa sauti ya kumfikia yule wa pikapu. "Tofali lolote linaweza kuandikwa jina. Mnaweza kuwa mmenunua Murang'a huko, mkaja kuniharibia kazi."

Nilikuwa nimejifunga leso, na ndani ya fundo la leso kulikuwa na ule msumari. Siku ile mwanamke wa mwisho alipomaliza kuandika aliniletea mimi, na Gathogo hakuwahi kuuomba. Niliutoa. "Basi andika lako," nilimwambia. "Chukua tofali lililokauka, zuri, lililoiva. Andika Gathogo tusome sote."

Hakuupokea. Kila mtu pale alijua kwamba simiti iliyoiva haiandikiki kwa msumari, na kwamba aliyetupa msumari alikuwa yeye, kwenye uwanja wake, kwa mkono wake.

"Hata yakiwa yangu," alisema, na sasa alikuwa amepandisha sauti, "matofali yakifika kwa mtu ni kazi ya mtu kuyamwagia maji yakomae! Nani aliyamwagia? Hakuna! Mnakimbilia kujenga kama mnakimbizwa, kisha Gathogo, Gathogo! Mimi ningejuaje?"

"Ulijua."

Sauti ilitoka nyuma yetu. Nduta alikuwa ameingia kwa geti dogo la kutoka nyumbani kwao, maana wanaishi ng'ambo ya uwanja huo huo. Hakuwa ametembea nasi. Sikumlaumu, ni nani angemwomba mke wa mtu atembee kwenda kumrudishia mumewe mawe? Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kwa Wakonyo tukiwa tumeshaondoka, akakuta tofali lake pale alipoliweka Mburu, akalifunga mgongoni kwa leso kama mtoto. Sasa alifungua leso, akalilaza chini kando ya langu. NDUTA, liliandikwa.

"Nenda nyumbani," Gathogo alimwambia.

"Nitakwenda. Baba Gathoni, tulipojenga nyumba yetu, matofali ni nani aliyamwagia maji?"

Gathogo alimtazama yule wa pikapu.

"Ni mimi. Uliyafunika kwa magunia, ukaniambia nisikubali gunia likauke. Nilibeba ndoo kutoka mtoni asubuhi na jioni mpaka nikaota nyama shingoni. Nikikuuliza tutamaliza lini, uliniambia tofali lisiponywa maji ni kaburi. Ni maneno yako. Haya ya Wakonyo uliyanywesha nini? Mtoto wa mwenzangu alikuwa analala chini ya jina langu."

Alisema hivyo bila kupiga kelele. Wakonyo, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma kama kwamba ni mambo ya watu wengine, alitoka mbele akamshika mkono.

Yule mwanamume wa Timau alifunga mlango wa nyuma wa pikapu, kisha akafikiri, akaufungua tena. Akaanza kushusha matofali aliyokuwa amekwisha kupakia. Moja moja, anayaweka chini kwa adabu.

Gathogo aliyatazama yakishuka. "Nitafyatua mengine," alisema mwishowe, akitazama pikapu, si sisi. "Ya Wakonyo. Yote."

"Hapa mbele yetu," Wachuka alisema.

"Mbele yenu."

Natamani ningeweza kuandika kwamba aliomba msamaha. Hakuomba. Na Jumapili moja, matofali yakiwa bado chini ya magunia, alimpa pasta tangazo lisomwe kwamba mzee Gathogo amemsaidia mjane. Mimi sisimami kanisani kusema, si tabia yangu, lakini nilisimama.

"Mchungaji, futa hilo neno," nilisema. "Hajamsaidia. Msaada alitoa Faduma, ambaye si wa kanisa hili na hakutangazwa. Gathogo anarudisha nyumba aliyoiangusha. Tukiita hiyo msaada, kesho ataangusha ya mwingine apate kutangazwa tena."

Wengine waliguna. Pasta alikunja karatasi yake. Nilikaa chini, na mama aliyekuwa kando yangu akaniwekea mkono mgongoni.

Tulipeana zamu za kwenda uwanjani kwa Gathogo kumwagia maji, kila asubuhi na kila jioni, hata siku za mvua. Nduta alikuwa akitukuta na chai. Vijana wa Gathogo walituchekelea mwanzoni, kisha wakawa wanatubebea ndoo. Mburu alikuja mara kwa mara kuyagonga kwa ufunguo na kusikiliza, kama mtu anayenunua sufuria. Wakonyo alikuwa amerudi kulala jikoni kwangu, na mara moja tu aliniuliza, "Cucu, na kama haya pia?" Nilichukua kamba yangu tukaenda uwanjani wote watatu, yeye na Lynn na mimi.

Tuliondoa gunia. Tofali lilikuwa na rangi nyeupe nyeupe, baridi, zito. Nilimpa Lynn msumari.

"Niandike jina la nani?" aliuliza.

"Lako."

Alichuchumaa kama tulivyochuchumaa sisi, akatoa ulimi nje kidogo, akabonyeza. Msumari uliteleza. Akabonyeza tena kwa mikono yote miwili. Ulitoa mlio wa kukwaruza, ukaacha mstari mwembamba kama wa chaki, na Lynn akaufuta kwa kidole, ukaisha.

"Limekataa, cucu," alisema kwa huzuni.

Wakonyo alipiga magoti kando yake. Aligonga tofali kwa ngumi, akaligonga tena kwa nguvu zaidi mpaka nikaogopa ataumia mkono.

"Mwite Mburu," aliniambia. "Mwambie aje tupakie lori."